NANI ALIMUCHAGUA NANI?

Masomo: Yoane 6:35-44, Matendo 27:13-44, Wafilipi 2:12-13



Wazee wa kanisa waliniomba niandike juu ya neno hili, nami nilikawia, sababu ni neno ambalo watu wenye akili kuliko mimi waliligombania miaka mingi. Lakini mabishano yamekwisha kuingia kati yetu, na muchungaji akiona moshi juu ya nyasi hangoji kwanza kuuliza nani aliwasha moto.

Mnajua namna yalivyoanza. Kijana wetu mmoja alirudi toka Lubumbashi akiwa na vitabu vidogo na mahubiri mengi ndani ya simu yake. Ni kijana muzuri, mwenye bidii, simulaumu. Akawafundisha wenzake kisha ibada, chini ya muembe, kwamba Mungu alikwisha kuchagua watu wake mbele ya kuumba dunia. Kwamba mutu aliyechaguliwa hawezi kupotea, na asiyechaguliwa hawezi kuokoka hata akilia usiku kucha. Shemasi mmoja akasikia, akakasirika. Siku ya Mungu iliyofuata akajibu kwa sauti kubwa kwamba Mungu ameweka wokovu mbele ya kila mutu kama jembe mbele ya mulimaji: ukilishika utakula, ukiliacha utalala njaa, na mambo yote yako mikononi mwako. Tangu siku ile tuna Wakalvini chini ya muembe na Waarminio karibu na mulango, na wengi wao hawajui bado majina hayo yanatoka wapi. Katika kwaya kuna watu wawili wanaoimba sauti moja na hawapeani mukono.

Hayo peke yake tungeweza kuyavumilia. Lakini katika usiku mumoja wa kukesha, mutu mwenye kuona maono alisimama, akamuonyesha kijana mwingine kwa kidole mbele ya wote, akasema kwamba ameona kitabu cha uzima na jina la kijana yule halimo. Sitataja mutu. Wengi wenu mulikuwapo. Kijana alitoka inje, na hajarudi tangu usiku ule. Kisha majuma matatu nilimukuta kando ya reli, saa tatu ya asubui, chupa ya lutuku mukononi. Nikamuita kwa jina. Akaniambia: "Baba, kama jina langu halimo, nichoke bure sababu gani?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilirudi nyumbani, muke wangu akaweka bukari mezani, sikuweza kula.

Juma lile lile mama mujane mmoja alikuja kwangu. Huyu alikuwa amesikia mafundisho ya upande mwingine. Uso wake ulikuwa umekonda kwa kufunga. Kila usiku anafanya hesabu: leo nilisema neno baya kwa jirani pale sokoni, basi leo nimepoteza wokovu, kesho nikifunga nitaurudisha. Akaniuliza: "Baba muchungaji, nikikufa usiku katikati, mbele ya kufunga, nitakuwa upande gani?"

Sasa mnaona, wandugu. Mafundisho haya si mambo ya wenye masomo tu. Moja lilimutoa kijana ndani ya nyumba ya Mungu, lingine limemunyima mama usingizi. Kwa ajili ya hawa wawili ninaandika.

Kwanza tujue kwamba mabishano haya hayakuzaliwa Lubumbashi, wala hayakuzaliwa Ulaya. Yalizaliwa Afrika. Askofu Augustino alikuwa Mwafrika, mwana wa Tagaste katika inchi ambayo leo inaitwa Aljeria, aliyezaliwa mwaka 354. Mama yake Monika alimulilia Mungu miaka mingi juu ya mutoto huyu aliyekuwa anapenda raha, na mwaka 387 akaona anabatizwa. Wakati ule mutu mmoja toka kisiwa cha Uingereza, jina lake Pelagio, alifundisha kwamba mutu ana nguvu za kutosha ndani yake kutii Mungu, akitaka tu. Augustino akasema hapana: mimi nilitaka na sikuweza, mpaka neema ilipokuja kunichukua. Wakuu wa makanisa walikutana Kartago mwaka 418, tena Afrika, wakakataa mafundisho ya Pelagio. Ninawaambia hayo kusudi mutu asije akasema kwamba maneno ya neema ni maneno ya wazungu. Mzee wetu aliyapigania miaka zaidi ya elfu moja mbele muzungu wa kwanza hajaona muto Lualaba.

Miaka mingi kisha, Yoane Calvin, Mufaransa aliyefanya kazi Geneva, akayachukua maneno ya Augustino na kuyapanga katika kitabu chake kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1536. Alifundisha kwamba Mungu anachagua kwa mapenzi yake mwenyewe, si kwa sababu ya wema alioona ndani ya mutu. Katika Uholanzi mwalimu Arminius, aliyekufa mwaka 1609, aliogopa kwamba mafundisho hayo yakivutwa sana yatamufanya Mungu kuwa mwenye kosa la zambi. Wanafunzi wake waliandika maneno matano mwaka 1610, na mukutano wa Dordrecht, mwaka 1618 mpaka 1619, ukawajibu kwa maneno matano. Ndiyo yale matano ambayo kijana wetu anayo ndani ya simu.

Na hapa kwetu yalifika namna gani? Yalifika kwa njia mbalimbali, hata hatukuyaona. Arnot wa misioni ya Garenganze alifika Bunkeya kwa mufalme Msiri mwaka 1886, na wengi wa upande ule wanafundisha kwamba aliyeokoka kweli hapotei tena. Wapresbiteri, watoto wa Calvin, walianza Luebo mwaka 1891; kati ya wawili wa kwanza mmoja, William Sheppard, alikuwa mutu mweusi toka Marekani. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, kisha Ilebo mwaka 1928, watu wa Kasai walishuka nayo kutafuta kazi, na imani yao walikuja nayo ndani ya mizigo. Wametodisti, wenye makao makubwa pale Kamina, ni watoto wa John Wesley, ambaye alishika upande wa Arminius. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyekuwa na babu katika misioni alirizi kipande, na leo tunapigana na vipande hivyo kama watoto wanaopigana na vijiti vya kuni za mama yao.

Sasa tuje kwenye Neno. Fungueni Yoane 6, musitari wa 37. Huo peke yake unaitosha siku ya leo. Yesu anasema maneno mawili ndani yake. La kwanza: wote ambao Baba amemupa watakuja kwake. La pili: mutu anayekuja kwake, yeye hatamutupa inje hata kidogo. Hayo yote ni musitari mumoja, kinywa kimoja. Kijana wa vitabu alisoma nusu ya kwanza, shemasi akasoma nusu ya pili. Kila mmoja ana Biblia nzima nyumbani.

Shemasi, ndugu yangu, nisikilize vizuri. Mufano wako wa jembe ni muzuri kwa shamba, lakini kwa wokovu haufai. Mulimaji ni mutu muzima mwenye mikono. Paulo katika Waefeso 2 hasemi kwamba tulikuwa wachovu ao wagonjwa; anasema tulikuwa wafu katika makosa yetu. Uliona wapi maiti inayoshika jembe? Uliokoka namna gani wewe mwenyewe? Nakumbuka, nilikuwapo. Ulikuwa unapita barabarani na kinga yako, munyororo wake ukakatika mbele ya kanisa, ukaketi chini ya dirisha kuutengeneza, na Neno likatoka dirishani likakupiga. Ulipanga wewe munyororo ukatike pale? Yoane 6:44: hakuna mutu anayeweza kuja asipovutwa na Baba.

Na wewe kijana, nisikilize vilevile. Ulisema asiyechaguliwa hataokoka hata akilia usiku kucha. Neno hilo ulilitoa wapi? Mimi nimelitafuta, sikulipata. Nimepata Ezekieli 33:11, Mungu anaapa kwamba hafurahii kifo cha muovu, anataka ageuke, aishi. Nimepata Timoteo wa kwanza 2:4, kwamba anataka watu wote waokolewe. Nimepata Bwana Yesu akililia Yerusalema kama kuku anayeita vifaranga vyake, nao hawakutaka, Matayo 23:37. Alisema hamukutaka, hakusema hamukuchaguliwa. Na zaidi ya hayo, fikiri: mutu analia usiku kucha akimutafuta Mungu. Machozi yale yalitoka wapi? Kama maiti haishiki jembe, basi maiti hailii. Mutu anayelia juu ya zambi zake, Baba amekwisha kumuvuta. Mukono uko juu yake. Mafundisho yako mwenyewe, ukiyafuata mpaka mwisho, yanapaswa kukutuma umukumbatie mutu yule, si kumufungia mulango.

Wahubiri wengi wa hapa wanapenda mufano wa gari ya moshi: Mungu ndiye anayeivuta, lakini wewe inapaswa upande. Siupendi sana. Sisi wa Kabondo-Dianda tunajua kungoja gari ya moshi siku mbili, siku tatu, pamoja na mihogo yetu, na mwenye nguvu anapanda, mama mwenye mutoto mugongoni anabaki. Neema ya Mungu si hivyo. Ninaona afazali mufano ambao Biblia yenyewe inatupa, ule wa merikebu ya Paulo katika Matendo 27, na wavuvi wetu watauelewa kuliko mimi.

Zoruba imewapiga siku nyingi. Jua halionekani, nyota hazionekani, watu 276 wamekwisha kukata tumaini. Usiku malaika anamuambia Paulo kwamba Mungu amemupa wote wanaosafiri naye, hakuna hata mmoja atakayekufa. Tazameni: ni ahadi kamili, haina "kama". Paulo anawaambia wote. Lakini mistari michache mbele, wenye kuendesha merikebu wanashusha mutumbwi kwa siri kusudi wakimbie, na Paulo anamuambia kapiteni wa waaskari kwamba watu hawa wasipobaki ndani, ninyi hamutaweza kuokoka. Namna gani? Mungu alikwisha kuahidi wote watapona! Paulo, umesahau malaika? Hakusahau. Kwa Paulo ahadi ya Mungu haikuwa sababu ya kukaa bure. Ndiyo iliyomupa nguvu ya kusimama na kusema: kuleni chakula. Na wengine wakaogelea, wengine wakashika mbao, na wote 276 wakafika inchi kavu. Nani aliwaokoa? Mungu. Mikono ya nani ilishika mbao? Yao. Ukiuliza sehemu ngapi ni ya Mungu na sehemu ngapi ni ya mutu, kama watu wanaogawa samaki, umekwisha kupotea njia. Paulo anaandika katika Wafilipi 2 kwamba tutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa sababu ni Mungu anayefanya kazi ndani yetu, kutaka na kutenda. Hasemi "lakini ni Mungu". Anasema "kwa sababu".

Na hapa niseme neno juu ya desturi yetu. Wazee walimuita Mungu Leza, walimuita Shakapanga, Baba mwenye kuumba. Walijua kwamba yeye ni wa kwanza. Lakini tumechukua neno "Mungu alipanga" na kulifanya mukeka wa kulalia. Mutu akikufa, tunasema Mungu alipanga, ao tunakwenda kwa kilumbu kuuliza nani alimuloga. Njia hizi mbili zinafanana, sababu zote mbili zinatutoa sisi ndani ya neno. Lakini mutu akianguka na kinga hasemi Mungu alipanga, anatazama breki. Mwezi wa ine mwaka 2014, gari ya moshi ya mizigo ilianguka upande wa Kamina, watu wengi waliokuwa wamepanda juu yake wakakufa, na inchi nzima ikalia. Nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema wale hawakuwa wa Mungu. Bwana Yesu alitaja neno la namna hiyo, Luka 13, juu ya munara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Alikataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliwageukia waliomusikiliza, akawaambia watubu. Kila mara watu walipomuuliza juu ya hesabu ya waliookolewa, aliwarudishia neno mlangoni mwao wenyewe.

Lakini mufano ambao unanigusa zaidi ni wa inchi yetu. Siku za babu wa babu zetu, watu wa Buluba na wa Busonge walikuwa wanakamatwa na kuuzwa. Tusiseme wageni tu ndio walifanya. Wafalme wetu wenyewe waliuza watu. Muingereza Cameron, aliyekaa kwa mufalme Kasongo Kalombo mwaka 1874 na 1875, aliona wanawake waliofungwa kamba kupelekwa upande wa Angola. Walikwenda kwa miguu, wakauzwa kule Bihe na mbele zaidi. Mutu aliyeona muji wake ukiwaka moto, mutoto wake akiachwa njiani, angeweza kusema nini? Kwamba Leza amemusahau.

Na kule Angola, katika utumwa, wamoja wao walisikia Habari Njema toka kwa wamisionere. Walijifunza kusoma, walibatizwa. Ulipofika wakati wa uhuru wao, katika miaka ya 1910, walianza kurudi Buluba kwa miguu, na Neno ndani ya mizigo yao. Walirudi katika inchi iliyowauza. Mwaka 1915 Burton na Salter walipoanza misioni pale Mwanza, walikuta kwamba Mungu amekwisha kutayarisha watu hawa. Wengi wa wahubiri wa kwanza wa upande ule walitoka kati yao. Mmoja aliitwa Shalumbo.  Mbele alikuwa mwindaji wa watumwa, na Burton aliandika kitabu kizima juu ya namna Mungu alivyomugeuza.

Sasa ninyi wa chini ya muembe na ninyi wa karibu na mulango, njoni hapa mujibu. Nani alimuchagua nani? Mutumwa yule alichagua kwenda Angola? Hapana, alifungwa kamba. Mungu alimuchagua kwa kumufunga kamba? Mimi nasema hapana, na nitasema hapana mbele ya mutu yeyote: kamba ile ilikuwa zambi ya watu, na watu wataijibu. Yosefu hakuwaambia wandugu zake kwamba walifanya vizuri. Katika Mwanzo 50:20 aliwaambia kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu katika neno lile lile alikusudia mema. Basi Mungu alikuwa mbele yao kule Angola, akiwangoja. Wala hakuwalazimisha kurudi. Angeweza mutu kukaa kule, kulima shamba lake, kusahau. Walisimama, wakatembea. Ukimuuliza mmoja wao kama ni yeye aliyechagua kurudi, nafikiri angekuonyesha miguu yake. Ukimuuliza nani alimurudisha, angekuonyesha mbingu. Asingeona kwamba maneno hayo mawili yanapigana.

Na Shalumbo! Kama mwenye maono wetu angekuwapo siku zile, akamuona mutu yule na bunduki yake na kamba zake, angesema nini juu ya jina lake katika kitabu cha uzima?

Hapa nafika kwa jambo lililonisukuma kuandika. Sisi ni kanisa linaloamini kwamba Roho Mutakatifu anasema hata leo, na sitalizima neno la unabii. Lakini kitabu cha uzima ni cha Mwana-Kondoo. Ufunuo 5 inasema kitabu chenye mihuri kilipoonekana, hakukuwa mutu mbinguni wala duniani aliyestahili kukifungua wala kukitazama, mpaka Yeye alipokuja. Na mutu wa Kabondo-Dianda akitazame kwa usiku mumoja wa kukesha? Hata nabii wa kweli, aliyetumwa kweli, na neno la azabu kinywani mwake, someni Yona. Alitangaza kwamba siku 40, na Niniwe imekwisha. Hakuongeza "mukitubu". Watu wakatubu, Mungu akawahurumia, na nabii akakasirika. Kumbe neno la azabu lilikuwa mukono wa kuwavuta. Maono yakimufukuza mutu mbele ya Mungu na kumupeleka kwa chupa, ninaogopa hayakutoka kwa yule aliyemutuma Yona. Nilizungumza na mwenye maono, sisi wawili tu, jioni nzima. Alilia. Nitaacha hapo.

Kwa mama mujane nilijibu hivi. Mama, mutoto wako wa mwisho alipokuwa mudogo, ukimubeba mugongoni kuvuka muto, ni nani aliyemushika mwingine kwa nguvu? Alikushika, ndiyo, kwa vidole vyake vidogo, na ulipenda akushike. Lakini alipolala katikati ya muto na vidole vikaachia, alianguka majini? Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Akasema: "Kilemba kilikuwa kimefungwa." Nikamuambia: Yoane 10:28, hakuna atakayewanyang'anya katika mukono wake. Funga kwa ajili ya wagonjwa, mama, funga kwa ajili ya inchi yetu. Usifunge kwa kununua tena kitu kilichokwisha kulipwa. Najua ndugu zetu Wametodisti watasema kwamba mutu anaweza kuuacha mukono ule kwa makusudi, na Waebrania 6 iko pale, mimi siifuti. Lakini neno lile liliandikwa kwa mutu anayekanyaga Mwana wa Mungu kwa kiburi. Halikuandikwa kwa mujane anayeogopa sababu ya neno moja la sokoni.

Neno moja bado, kwa wale wawili wa kwaya. John Wesley na George Whitefield walikuwa rafiki tangu ujana, na wote wawili walihubiri inje, mashambani, kwa wachimba makaa. Mwaka 1739 Wesley alihubiri kwa ukali dhidi ya mafundisho ya kuchaguliwa, na Whitefield akamujibu kwa barua iliyochapwa, na wafuasi wao wakagawanyika. Walikuwa wakubwa, na makosa yao yalikuwa makubwa vilevile: Whitefield, aliyehubiri neema kwa machozi, alikuwa na watumwa kule Georgia, na Wesley ndiye aliyeandika dhidi ya utumwa mwaka 1774. Kwa hiyo mutu asifikiri kwamba akishika vizuri mafundisho ya neema, neema imekwisha kazi yake kwake. Lakini Whitefield alipokufa Marekani mwaka 1770, aliyesimama London kuhubiri juu ya kumbukumbu yake alikuwa Wesley. Mafundisho yao hayakupatana mpaka siku ile. Walikuwa wamekwisha kupatana wao wenyewe, miaka mingi mbele.

Basi, wandugu, tumekubaliana na wazee. Siku ya ine ya juma hili, kisha saa kumi, tutakwenda kwa ule kijana, ng'ambo ya reli. Mwenye maono atatangulia. Aliomba yeye mwenyewe atangulie, na ana neno la kusema mbele ya wote kama vile alivyosema lile la kwanza mbele ya wote. Kijana wa vitabu na shemasi watabeba benchi ya kanisa pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma, sababu kule hakuna viti. Mama mujane amesema atapika bukari na sombe, na siku ile hatafunga. Kwaya ije yote, lakini muache ngoma kubwa. Jirani wa kijana ana mugonjwa nyumbani. Kama hatafungua mulango, tutaimba inje mpaka jua liingie, na siku ya ine inayofuata tutarudi.